Shairi Lililonyamazisha Kanisa

Wiki iliyopita, nikiwa natoka Sikonge kurudi mjini, basi letu lilikwama nyuma ya lori lililojaa marobota ya tumbaku. Dereva alipiga honi mpaka akachoka, akazima injini. Abiria wenzangu wakafunga madirisha kwa sababu ya vumbi. Mimi nikafungua la kwangu. Ile harufu ya jani lililokaushwa, tamu kidogo, chungu kidogo, kama asali iliyoungulia sufuriani, ikaingia na kunikaa kooni, na kabla sijajitambua nilikuwa natokwa na machozi mbele ya watu nisiowajua. Mama mmoja aliyekaa jirani yangu akaniuliza, "Dada, umefiwa?" Nikamjibu hapana. Halafu nikafikiri, nikamwambia, "Ni mambo ya zamani."

Tuliokulia vijiji vya kule Ipole hatuhitaji kuelezwa banda la kuchambulia tumbaku. Kwa wengine niseme tu kwamba majani yakishatoka kwenye bani, ile nyumba ya kuyakaushia kwa moto, yaliletwa bandani, na kina mama wakakaa chini kwenye magunia wakayatenga kwa madaraja: ya manjano safi huku, yenye madoa kule, meusi pembeni. Kazi ilikuwa ya mikono na macho, kwa hiyo midomo ilibaki huru. Midomo ile ilisengenya, ilisali, na zaidi ya yote iliimba. Utomvu wa tumbaku uliganda viganjani ukawa mweusi kama lami, na ukila ugali kwa mkono ule, tonge lilikuwa chungu hata unawe namna gani. Mpaka leo kwangu mashairi yana uchungu ule wa mkononi.

Aliyetawala banda lile alikuwa Bibi Nyamizi. Alikuwa mrefu, mkavu, na jua liwe kali namna gani alivaa koti la kiume juu ya kitenge. Zamani aliwahi kufundisha kisomo, yale madarasa ya watu wazima, na kila alipokuja mgeni mkubwa kijijini yeye ndiye aliyeombwa kumtungia shairi la kumkaribisha. Harusi ilikuwa haijakamilika mpaka Bibi Nyamizi aghani. Alidai babu yake alikuwa mpagazi katika misafara ya zamani iliyopita huku kwetu kwenda pwani, na kwamba wapagazi ndio waliouachia ukoo wao sikio la wimbo. Alitunga kwa Kiswahili, akagomba kwa Kinyamwezi.

Watu walimpenda na walimwogopa. Mwanamume akimpiga mkewe Jumamosi, Jumatatu kina mama walikuwa wanamwimba bandani, na kufikia Ijumaa watoto walikuwa wanamwimba njiani, bila kutaja jina lake hata mara moja. Hakuna aliyeweza kumshitaki Bibi Nyamizi, maana yeye alikuwa ametunga tu habari ya fisi, au ya mtungi uliopasuka.

Mimi alinichagua. Ndivyo nilivyoamini. Nilikuwa mtoto pekee nyumbani kwetu, nikimfuata mama bandani siku zisizo za shule, na Bibi Nyamizi aliniita nikae karibu na goti lake. Alinifundisha vina na mizani kabla sijajua kugawanya kwa tarakimu mbili. Nilipotamka mstari wangu alichukua jani la tumbaku akawa analipiga gotini, pigo moja kwa kila silabi, na nikizidisha alisimamisha jani hewani.

"Hilo lako lina miguu tisa, Kabula," alisema. "Mdudu gani ana miguu tisa?"

Kina mama wakacheka, nami nikaona haya, nikaenda nyuma ya banda kuukata mguu uliozidi.

Sikuwa na sauti yangu, na wala sikujua kwamba mtu anapaswa kuwa nayo. Nilidhani shairi ni sauti ya Bibi Nyamizi, na kwamba anayetaka kutunga hana budi kuivaa, kama mwanakwaya anavyovaa joho. Nikiwa sijafika darasa la nne nilitunga shairi langu la kwanza lisilo na kosa, nikalighani mbele ya banda zima kwa sauti ya kukwaruza:

*Magoti yananiuma, wajukuu mje hima.*

Kina mama walicheka mpaka mmoja akalala juu ya tumbaku. Mimi sikuona cha kuchekesha. Magoti ya Bibi Nyamizi yalikuwa yanamuuma, yeye aliyaimba, basi na mimi niliyaimba. Yeye peke yake hakucheka. Alinishika kidevu, akaugeuza uso wangu kwenye mwanga wa mlango, akautazama kwa muda mrefu, paji, pua, masikio. Alikuwa na tabia hiyo. Nilidhani hivyo ndivyo washairi wanavyokaguana.

Yalikuwepo na mengine niliyoyasoma vibaya. Alinifichia matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa, kwenye mfuko wa koti lake, na watoto wengine hawakupata. Nikasema moyoni, ni kwa sababu mimi ndiye mwenye akili kuliko wao. Na nyumbani, kila nilipomghania mama jambo nililofundishwa siku ile, mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Vizuri. Sasa kalete maji." Nikahitimisha kwamba mama yangu hapendi mashairi.

Msimu mmoja baba, ambaye alikuwa na mizinga yake ya nyuki ndani ya pori, alirudi na mayai ya kanga, wale ndege wa porini wenye madoadoa. Aliyakuta nyasini akayafunga kwenye fulana yake. Yalipofika nyumbani aliyatia chini ya kuku wetu mwekundu aliyekuwa anaatamia, na kuku akayapokea bila ubishi. Vifaranga vilipotoka vilikuwa vyepesi, vyenye miguu ya haraka, na kuku alivifuata uani akiwa amechanganyikiwa kama mtu anayefukuza kofia iliyopeperushwa. Nilikwenda kumsimulia Bibi Nyamizi. Siku hiyo banda lilikuwa tupu, kina mama walikuwa wamekwenda kwenye mkutano wa chama cha msingi cha wakulima. Alinyamaza mpaka nikamaliza. Kisha, bila kupiga jani gotini, akaghani kwa sauti ya chini ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake:

*Kuku wangu wa nyumbani, kalalia yai geni,*
*Lilookotwa porini, kalitia kiotani,*
*Likaanguliwa ndani, kifaranga cha thamani,*
*Kanga atajua lini, mamaye ni ndege gani?*

"Hili ni lako," aliniambia.

"Langu kwa nini, Bibi?"

"Si kwenu kuna kuku aliyeangua kanga?"

Nilifurahi kupita kiasi. Hakuna mtoto mwingine kijijini aliyetungiwa shairi na Bibi Nyamizi kuhusu kuku wa kwao. Nikalikariri palepale. Halafu nikamuuliza swali ambalo mtu yeyote aliyefundishwa naye angeuliza, maana alikuwa amenieleza kwamba washairi hujibizana: mmoja akitoa swali, mwenzake hutunga jibu.

"Na kanga anajibuje?"

Bibi Nyamizi alinitazama kana kwamba nimemmwagia maji. "Anajibu?"

"Si umemuuliza?"

Alijifungia vifungo vya koti, ingawa kulikuwa na joto. "Jibu hilo mimi siwezi kulitunga," alisema, akasimama akaenda zake.

Basi nikalitunga mimi. Nilichukua wiki kadhaa. Nililitunga nikichota maji, nikipalilia, nikiwa nimelala. Na kwa mara ya kwanza sikuvaa magoti ya mtu. Nilichuchumaa uani, nikamtazama yule kanga mdogo akijisukuma chini ya bawa jekundu, nikajaribu kusikia anachosema. Sikumwambia Bibi Nyamizi. Nilitaka kumshangaza.

Sikukuu ya mavuno kanisani kwetu ilikuwa siku kubwa. Sisi ni Wamoraviani, na siku hiyo mabua ya mahindi yalisimamishwa mlangoni, maboga yakapangwa madhabahuni, ndoo za asali, karanga, na kuku waliofungwa miguu wakisubiri kunadiwa. Nilikuwa nimepangwa kughani shairi la mavuno alilotunga Bibi Nyamizi. Nililighani vizuri, watu wakapiga makofi na vigelegele, na Mchungaji, mtu mchangamfu, akasimama akasema, "Mtoto huyu amembeba Bibi Nyamizi mdomoni! Haya, mwanangu, la kwako mwenyewe unalo?"

Nikasema ninalo.

Nilighani kwanza lile la Bibi la kuku na kanga, ili watu wajue nilichokuwa najibu. Kisha nikavuta pumzi, nikaghani la kwangu:

*Nimelala chini yako, mama unipe jawabu,*
*Madoadoa si yako, niambie na sababu,*
*Mbio zangu sizo zako, porini ndiko karibu,*
*Niambie lako jibu, aliyenitaga nani?*

Nikasubiri makofi. Hayakuja. Nimewahi kusimama mbele ya kumbi nyingi tangu siku ile, lakini kimya kama kile sijakutana nacho tena. Nilisikia kuku mmoja wa mnada akikwaruza sakafu. Nilimwona mama mmoja akijiziba mdomo kwa ncha ya khanga. Nilimwona baba, katika safu ya wanaume, akiigeuza kofia yake mikononi kana kwamba anatafuta ilipoanzia. Mama yangu alikuwa amesimama na kwaya, sauti ya pili. Alikifunga kitabu cha nyimbo, akakiweka kwenye benchi taratibu, kama mtu anayelaza mtoto, akatoka kwa mlango wa pembeni. Hakukimbia. Alitembea tu, na joho lake la kwaya likanasa kwenye komeo, akalivuta likachanika, akaenda.

Nilimgeukia Bibi Nyamizi kwenye benchi la mbele. Mdomo wake ulikuwa wazi. Alikuwa anatikisa kichwa pole pole, akinitazama kwa hofu. Bibi Nyamizi, na hofu! Nikajua nimekosea mizani. Nikiwa nimesimama palepale mbele ya kanisa zima, nikaanza kuhesabu upya kichwani, mstari kwa mstari. Miguu ilikuwa sawa.

Mchungaji akakohoa, akaanzisha wimbo.

Nilirudi nyumbani mbio. Mama alikuwa amekaa chini jikoni, joho bado mwilini, viatu vya kanisani vimejaa majivu.

"Nani kakufundisha lile?" aliniuliza.

"La kwanza ni la Bibi. La pili nimetunga mwenyewe."

"Sikuulizi nani katunga. Nakuuliza nani kakwambia."

"Kaniambia nini, mama?"

Alinitazama usoni kwa muda, na nikaona uso wake ukibadilika. Alikuwa ametambua kwamba sikujua. Kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyesema, na mimi mwenyewe ndiye nisiyejua nilichosema. Akaanza kulia, na mimi nikalia kwa kumfuata, bado nikifikiri tunalilia joho lililochanika.

Ndipo tukasikia hodi. Bibi Nyamizi aliingia akiwa ameinama kupita mlango wa jikoni, na hakuketi.

"Mama, uliniahidi," mama alimwambia. Alimwita mama hata katika hasira ile.

"Sijamwambia mtoto neno."

"Hujamwambia? Kanisa zima limesikia!"

"Nilitunga tu, Mama Kabula. Kutunga si kusema."

"Kwako wewe! Kijiji hiki chote kinajua kwamba wewe ukitunga umesema." Mama alisimama. "Huyu mtoto nilipewa kwa mikono. Leo unakuja kuninyang'anya kwa mdomo."

Sikuelewa. Baba aliingia nyuma ya Bibi, akatutazama wote watatu. Baba alikuwa mtu wa maneno machache, amezoea kukaa na mizinga yake. Aliniketisha kwenye kigoda, akachuchumaa mbele yangu.

"Kabula," alisema, "aliyekuzaa aliitwa Milembe. Alikuwa binti wa huyu bibi yako. Alifariki ukiwa mchanga wa siku chache. Sisi ndio tuliokulea, na wewe ni wetu. Hakuna kilichobadilika."

Kila kitu kilikuwa kimebadilika. Nilimtazama Bibi Nyamizi. Tangu nijue kusema nilikuwa nimemwita Bibi, kama walivyomwita watoto wote wa kijiji, maana ndivyo tunavyowaita wazee wote. Miaka yote ile kwangu peke yangu neno lilikuwa la kweli, na mimi peke yangu sikujua. Nilizitazama nyayo zangu, nyembamba, ndefu. Nikazitazama zake. Kisha nikauliza jambo ambalo naliona aibu mpaka leo kwa jinsi lilivyokuwa la kitoto.

"Kwa hiyo lile shairi si la kuku wetu?"

Bibi Nyamizi alitoka bila kuaga.

Sitaeleza sana miezi iliyofuata. Mama alinikataza banda. Hakunipiga wala kunifokea, ila kila nilipochelewa kisimani nilimkuta amesimama njiani, mkono juu ya macho. Kijiji kilinong'ona kwa muda, kikachoka. Mimi niliacha kutunga. Si kwa sababu nilikatazwa. Kila mstari uliponijia ulikuja na sauti ya Bibi, na sasa niliiogopa sauti ile, maana nilikuwa nimeona kwamba inaweza kuingia kinywani mwangu na kusema mambo yangu mimi nikiwa sipo. Mwalimu aliponipa ngonjera ya kufunga shule, nilimwambia ninaumwa koo. Nilimkasirikia Bibi kwa kusema, nikamkasirikia mama kwa kutosema, na kwa kuwa sikuweza kuwaonyesha wote wawili, nilimkasirikia kuku mwekundu, nikawa namrushia maganda ya karanga.

Hatimaye macho ya Bibi yalianza kufifia kwa mtoto wa jicho, na mwanawe aliyejenga Ipuli, pale Tabora mjini, akaja kumchukua. Nilisikia gari likiondoka. Nilikuwa kisimani, na sikupanda juu kutazama.

Nilipomaliza darasa la saba nikachaguliwa kwenda sekondari Tabora. Nilidhani nitakaa kwa dada yake baba. Mama alikuwa akinikunjia nguo sandukuni aliposema, bila kuinua kichwa, "Utakaa kwa bibi yako."

"Bibi yupi?" niliuliza, kwa kuwa sikuamini.

"Unao wangapi Ipuli?"

Asubuhi ya safari alinisindikiza mwenyewe mpaka barabarani kusubiri basi. Tuliitikia salamu za asubuhi, "mwangaluka", za wapita njia, waendesha baiskeli waliobeba mkaa na madumu ya asali. Kulikuwa na ubaridi. Mama alikuwa ameshika sanduku langu kana kwamba yeye ndiye anayesafiri.

"Kuna kitu hakikusemwa siku ile," alianza. "Milembe alikuwa rafiki yangu. Tulisoma darasa moja, tukaimba kwaya moja. Mimi nilikuwa nimeshaolewa na baba yako, na kila mimba yangu ilikuwa inaharibika. Yeye akapata mimba akiwa nyumbani kwao. Akahamia kwetu, akalala chumba kile unacholala wewe, mpaka siku zake zilipotimia."

"Chumba changu?"

"Kitanda chako. Alipojifungua hakupata nafuu. Wakamrudisha hospitali. Siku ya mwisho aliniita, nikaingia. Akakuweka mikononi mwangu kwa mikono yake mwenyewe. Akaniambia, 'Mlee wewe.' Nilitaka ulijue hilo kabla hujaenda. Hukuokotwa, Kabula. Ulitolewa."

Miaka yote ile nilikuwa nimeibeba picha ya yai lililoachwa nyasini. Picha ile ilikuwa imenitunga mimi zaidi ya nilivyoitunga, na sasa mama, ambaye hajui kina wala mizani, alikuwa ameivunja kwa maneno mawili barabarani.

"Na Bibi alikuwa wapi?" nilimuuliza.

Basi lilikuwa limeshaonekana kwenye vumbi. Mama alilitazama likija. "Muulize yeye," alisema.

Siku hizi nina vitabu vyangu viwili vya mashairi. Wanaonisoma hulalamika kwamba sina mafumbo, kwamba nyoka wangu ni nyoka na mtungi wangu ni mtungi, na kwamba mtu akiwa na jina nalitaja, au naacha kumtunga. Wengine huona ni upungufu wa ufundi. Huwa sibishani nao. Sababu ni Jumapili moja ya Ipuli, mchana, watu wametoka kanisani, ambayo sijawahi kumsimulia mtu kabla ya leo.

Nilikuwa nimekaa kwa Bibi majuma kadhaa bila kuthubutu kuuliza. Alinipokea vizuri. Alinishika uso kwa viganja vyote viwili, kwa kuwa sasa hakuweza tena kuutazama, akasema, "Umekua." Hakuniuliza kama ninatunga. Jumapili hiyo alikuwa amekaa kwenye mkeka barazani, koti lake limefungwa mpaka juu, akimenya karanga kwa kupapasa. Nikakaa kando yake, nikaanza kumenya na mimi.

"Bibi," nikasema, "mama ameniambia kwamba Milembe mwenyewe ndiye aliyenitoa."

Vidole vyake vilisimama. "Ndiyo."

"Wewe hukusema hivyo kwenye shairi."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Pikipiki ilipita, mtoto wa jirani akaitwa akaoge.

"Kwa sababu hakuniita mimi," alisema. "Mimi nilikuwa nje, kwenye benchi la hospitali. Nilikaa pale kutwa. Muuguzi akatoka, nikasimama, nikajitengeneza kitenge. Akaniambia, 'Si wewe, mama. Anamwita yule mwenzake.' Nikakaa tena."

Alisema bila kulia, kwa sauti kavu, na kwa hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Niliona miguu yake mirefu, ile miguu yangu, imenyooka kwenye mkeka.

"Kwa nini asikuite? Wewe si mama yake?"

"Nilikuwa nimemtungia."

"Alipopata mimba akakataa kumtaja mwanamume, nilishikwa na hasira," Bibi aliendelea. "Mimi, niliyewaimba mabinti wa watu, leo binti yangu! Nikaogopa watu watanitangulia kusema. Nikawatangulia mimi. Nikatunga, nikalipeleka bandani, kina mama wakalipokea. Likaimbwa msimu mzima. Watoto walilipeleka mpaka shuleni. Siku moja akalisikia kutoka kwa mtoto mdogo aliyekuwa hajui hata maana yake, anaimba tu huku anaruka. Akakunja nguo zake, akahama."

"Lilikuwa linasemaje?"

Alifungua mdomo. Nilikuwa nimemjua mwanamke yule maisha yangu yote, na sikuwa nimewahi kuona mstari umfike mdomoni asiutoe. Siku ile aliufunga mdomo.

"Lilikuwa zuri, Kabula," alisema. "Hilo ndilo baya lake. Halikuwa na kosa hata moja. Sijatunga zuri kama lile kabla yake wala baada yake."

Mkono wangu ulikuwa umejaa karanga na sikujua niuweke wapi. Nilitaka kuondoka na nilitaka kumshika, na sikufanya hata kimoja.

Bibi alirudi kwenye karanga zake. Alimenya moja, akaipapasa, akaiweka kwenye ungo.

"Wote waliliimba," alisema, kana kwamba anajisemea mwenyewe. "Bandani, kisimani, njiani. Wazee waliliimba. Hata waliompenda waliliimba, kwa kuwa lilikuwa tamu mdomoni. Kwenye banda lile lote ni mwanamke mmoja tu hakulitamka, tangu mwanzo mpaka mwisho. Tukilianza tu alikuwa anainama anachambua tumbaku yake. Nikawa namcheka, nasema huyu hana sauti."

Akaugeuza uso wake kwangu, macho yenye ukungu yakitafuta nilipo.

"Mama yako," alisema. "Ndiyo maana aliitwa yeye."